Wanataka kikao cha jengo kihamie kwenye simu, na mimi ndiye niliyeombwa kukihamisha

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 28, kazi yangu ni kuandika programu za simu na kompyuta. Nilihamia jiji hili kwa ajili ya kazi, na siku hizi kampuni inaturuhusu kufanya kazi nyumbani, hivyo siku nyingi za wiki sitoki kabisa. Kodi nalipa kwa simu, umeme kwa simu, chakula kinaletwa mlangoni, na kijana anayekileta akishasoma ujumbe wa "weka tu hapo nje" huondoka bila kuniona. Silalamiki. Mambo hayo yamenipa muda, na muda huo nimeutumia vizuri: nimeongeza masomo, nimepanda cheo, namlipia mdogo wangu ada. Nataka uelewe mapema kwamba anayekuandikia si mtu anayechukia simu. Simu ndiyo inayonilisha.

Shida yangu inahusu jengo ninaloishi. Lina ghorofa saba na kaya 42. Kuna kamati ya wakazi, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna kikao pale tunapoegesha magari. Hapo hujadiliwa mchango wa mlinzi, taka, taa za ngazi, na pampu ya maji, ambayo haijawahi kukosa kwenye ajenda. Kikao huchelewa kuanza na huchelewa zaidi kuisha. Watu wa rika langu hawaendi. Wanaoenda ni wazee, akina mama kadhaa, na mtu yeyote mwenye dai. Mwaka huu tulipata makamu mwenyekiti kijana, akatoa hoja kwamba yote yahamie kwenye simu: kila kaya ilipe humo, iripoti hitilafu humo, ipige kura humo, na kikao kifutwe. Kwenye kundi la WhatsApp la jengo hoja ilishangiliwa. Wakanigeukia mimi kwa kuwa wanajua kazi yangu, nami nikakubali kwa moyo mweupe. Si kazi kubwa, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa nilikuwa na kitu ambacho majirani zangu wanakihitaji.

Kwenye kazi yetu, kabla hujaandika chochote unakwenda kwanza kuangalia jinsi shughuli inavyofanyika bila programu. Kwa hiyo nikahudhuria kikao. Nilikaa nyuma na daftari: huyu ameleta pesa, yule analalamikia taa, hoja imepita kwa kunyoosha mikono. Kichwani kila kimoja nilikuwa nakigeuza kuwa kitufe. Kisha, katikati ya mabishano ya pampu, mama mmoja wa ghorofa ya chini akauliza: "Mbona Mzee wa ghorofa ya tatu hayupo? Habari za pampu hazimpiti huyu." Mzee huyo alikuwa fundi mitambo kabla ya kustaafu, na anaishi peke yake. Watu wakatazamana. Kijana mmoja akatumwa juu. Alimkuta kitandani ana homa kali, hajala tangu juzi yake, simu imezima chaji. Jioni ileile akapelekwa hospitali. Ameshapona, amerudi.

Mjomba, usiku ule nilifungua mchoro wa programu yangu, nikamtafuta yule Mzee humo. Mchango wake hulipwa na mwanawe aliye nje ya nchi, unaingia wenyewe kila mwezi. Hana hitilafu aliyoripoti. Kwenye skrini yangu jina lake lingekuwa na alama ya kijani: amelipa, hana tatizo.

Tangu hapo kazi haiendi. Mwenzangu wa ofisini, ambaye ni mtu mwema na mwerevu, anasema suluhisho ni rahisi: niweke kitufe cha "niko salama" ambacho kila anayeishi peke yake atakibonyeza asubuhi. Makamu mwenyekiti anauliza kila mara nimefika wapi. Vijana kwenye kundi wanasema nimekuwa mtetezi wa mambo ya kizamani. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, hajaniambia neno lolote, na ukimya wake unanilemea kuliko maneno ya wengine. Mama yangu nilipomsimulia alisema jiji limenikausha, nirudi nyumbani, maana hata huko intaneti ipo.

Na labda Mama ana hoja. Nafanya kazi na watu walio katika nchi nne. Namjua anayefuga paka, namjua ambaye mkewe anakaribia kujifungua. Jirani niliyepakana naye ukuta namjua kwa kikohozi chake tu.

Je, nikatae kazi hii? Niifanye kama walivyoomba? Au programu haina kosa lolote, na kinachohitaji kutengenezwa ni mimi na haya maisha ya jiji?

Binti wa Ghorofa ya Tano

*

Marahaba, mpwa wangu.

Programu itengeneze. Lakini usiitengeneze yote waliyoiomba, na kikao kisifutwe. Nitaanza na ile alama ya kijani, kwa sababu katika barua yako yote hapo ndipo uliponishika.

Julai 1995 jiji la Chicago lilipigwa na joto kali kwa siku chache. Ilipokuja kuhesabiwa baadaye, ilionekana watu 739 zaidi ya kawaida walikuwa wamekufa. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walifia ndani peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alikwenda kulinganisha vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Vyote vilikuwa na wazee maskini wanaoishi peke yao, kwa kiwango kinachokaribiana. Lakini kiwango cha vifo cha North Lawndale kilikuwa kama mara kumi ya kile cha jirani yake. Alichokiona kilikuwa mitaani. Upande mmoja maduka yalikuwa yamefungwa, viwanja vimeachwa, watu wanaogopa kutoka. Upande wa pili mitaa ilijaa watu na biashara, na mzee alikuwa na sababu ya kutoka nje kila siku. Anayezoeleka kuonekana ndiye ambaye watu hushtuka asipoonekana.

Sasa mwangalie yule mama wa ghorofa ya chini. Hakuwa na orodha wala hakupewa jukumu la kumfuatilia Mzee. Alichokuwa nacho ni mazoea: anajua Mzee hukaa upande gani, huzungumza lini, na ni mada gani haiwezi kumpita. Pampu ilipotajwa na sauti yake isisikike, akajua kuna jambo. Programu yako itahifadhi yaliyotendeka, kwamba huyu amelipa na yule ameripoti. Kukosekana kwa mtu hakuna anayekubonyezea. Ndiyo maana Mzee angekuwa kijani akiwa na homa, na angeendelea kuwa kijani hata kama mambo yangekwenda vibaya zaidi, maana malipo ya mwanawe yangeendelea kuingia. Hilo uliligundua mwenyewe ukiwa na mchoro tu mkononi, kabla halijamdhuru mtu. Wewe ndiye mtu sahihi wa kuifanya kazi hii. Usiiache ikachukuliwa na mwingine ambaye hakuwepo siku ile.

Wewe ni msanifu, kwa hiyo hili nalo nakuletea. Miaka ya 1940 huko Marekani, Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back waliwachunguza wanafunzi wenye familia waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za chuo cha MIT, wakachapisha matokeo mwaka 1950. Waliwauliza wakazi marafiki zao ni akina nani. Waliopakana mlango kwa mlango walitajana kwa asilimia 41. Waliokuwa kwenye miisho miwili ya korido ileile, asilimia 10. Ni umbali wa hatua chache tu, ndani ya jengo moja! Halafu wakaona kwamba waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua walifahamika hata na watu wa ghorofa nyingine. Hawakuwa wacheshi kuliko wenzao. Walikuwa njiani, na watu walilazimika kuwapita wakienda kwenye shughuli zao.

Hili ndilo ningependa ulipeleke kwenye kamati. Majirani hawajuani kwa sababu wameamua kujuana. Hujuana kwa sababu kuna mambo madogo yanayowalazimisha kukutana: kupeleka pesa ya mlinzi, kuuliza kama maji yametoka na kwako, kugombania mahali pa kuegesha. Kila shughuli ya namna hiyo ilikuwa inabeba kazi mbili, ile iliyotajwa na ile isiyotajwa. Tunapoihamishia kwenye simu huhama ile iliyotajwa peke yake. Pesa inafika kwa mlinzi, tena haraka kuliko zamani. Kwamba mtu ameuona uso wako mwezi huu, na ameona umekonda, hakuna anayekumbuka kukuandikia kwenye mahitaji ya mfumo, kwa kuwa halikuwahi kuwa kwenye ajenda.

Kikao chenu ndiyo ngazi iliyobaki. Rika lako hamchukui tena chochote mlangoni kwa mkono, hampeleki kodi kwa mtu, hampangi foleni. Kikifutwa hicho, kaya 42 zitakuwa na mlinzi mmoja, tenki moja na lango moja, na hakuna mahali hata pamoja ambapo watu wake wanalazimika kukaa wakatazamana.

Lakini nisikudanganye kwamba teknolojia na ujirani ni maadui. Mwishoni mwa miaka ya 1990, nje kidogo ya Toronto huko Kanada, watafiti Keith Hampton na Barry Wellman walifuatilia mtaa mpya ambao baadhi ya nyumba zake zilikuwa zimeunganishwa na intaneti ya kasi na kundi la barua pepe la mtaa, na nyingine bado. Waliounganishwa waliwatambua majirani kwa majina karibu mara tatu ya wasiounganishwa, na walitembeleana zaidi. Walitumia lile kundi kuulizana mambo, kupanga kukutana, na hata kuungana kulalamika kwa waliowajengea nyumba. Kifaa kilikuwa kinawatoa ndani. Hicho ndicho kipimo nitakachokupa kwa kila kitufe unachofikiria kukiweka: kinawapeleka watu wakutane, au kinawapa sababu ya kutokukutana?

Kwa kipimo hicho, malipo na risiti yaingie kwenye simu bila wasiwasi. Hakuna undugu unaojengwa kwa kumkimbiza mtu akupe risiti, na pesa za pamoja zisizo na kumbukumbu ndizo zinazovunja majengo mengi. Hitilafu nazo ziingie, zenye tarehe na picha, na kila mtu aone imeripotiwa lini na imetengenezwa lini. Muhtasari wa kikao uingie. Jambo moja uwe mkali nalo: majina ya wanaodaiwa yasionekane kwa kila mtu. Deni la mtu alione yeye na mweka hazina. Wapo watakaokushawishi kwamba aibu inakusanya pesa haraka. Inaweza kukusanya, halafu anayeaibishwa anaacha hata kusalimia ngazini. Na anayehama, taarifa zake zifutwe. Namba za simu zisiwe za kila mtu kuzichukua.

Kura, hapana, angalau si kwa sasa. Kura ya simu kabla ya mjadala inampa ushindi anayejua kuandika hoja fupi tamu kwenye kundi. Anayejua kwamba bomba la upande wa nyuma lilishawahi kupasuka, na kwa nini, huenda hajui kuandika haraka kwenye simu, au ana simu ya kitochi isiyofungua programu yako kabisa. Mjadili kwanza uso kwa uso, kisha kama mnataka, waliokosa kikao wapige kura kwa siku mbili tatu wakiwa wameshasoma yaliyosemwa. Na kwa wenye simu ndogo, ujumbe wa kawaida wa maandishi utoshe kulipa na kuripoti. Najua hilo litakuongezea kazi. Lisipokuwepo, watakaotoweka kwanza ni wale ambao kukosekana kwao ndiko kunakotisha zaidi.

Sasa hicho kitufe cha "niko salama". Mwenzako ana nia njema, lakini nakushauri usikiweke. Mtu mwenye homa kali na simu iliyozima hakibonyezi, na mtu mwenye afya njema aliyesahau tu asubuhi naye hakibonyezi. Baada ya wiki chache za ving'ora vya uongo, kila anayepokea arifa ataizoea na kuipuuza. Isitoshe, hata kikifanya kazi sawasawa, ni lazima mtu apande ngazi akagonge mlango. Nani? Hilo kitufe hakijibu, na hilo ndilo swali lenyewe. Tetemeko la Kobe, Japani, Januari 1995, lilipoangusha nyumba, wengi mno wa waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na familia na majirani, kabla vikosi vya uokoaji havijawafikia. Jirani alijua nyumba ile ina nani, na hulala chumba kipi. Usipokuwa umewahi kuingia kwa mtu hujui.

Badala ya kitufe, kila ghorofa iwe na mtu wake. Si mlinzi wala si mpelelezi, ni mtu mmoja wa ghorofa hiyo ambaye ameridhia kuwajua wa milango yake, ambaye mgeni akihamia atamgongea na kumwonyesha swichi kuu ya maji iko wapi. Programu imsaidie huyo: imjulishe kuna mpangaji mpya, imkumbushe kikao. Mnao ghorofa saba, mnahitaji watu saba. Ya tano unaijua mwenyewe itakuwa na nani.

Makamu mwenyekiti wenu simlaumu hata kidogo, nawe usimfanye adui. Kikao kinachochukua saa tatu kujadili pampu ileile kila mwezi kinawaonea watu. Mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa. Anayetoka zamu ya usiku hawezi. Kinachowafukuza vijana ni uendeshaji mbovu, na hapo programu yako ndiyo dawa: hesabu zisomwe kwenye simu kabla ya Jumapili, orodha ya hitilafu ijulikane, ili kikao kianze kwenye yale yanayohitaji mdomo na kiishe baada ya saa moja. Watakaotaka kubaki baada ya hapo wabaki. Kwa maelezo yako mwenyewe, la Mzee halikutoka kwenye ajenda, lilitoka kwenye maneno ya pembeni. Kwa hiyo mkikibana kikao msiyabane hayo. Wekeni viti.

Na kuna kitu kingine ambacho wapenda vikao tunakisahau. Wapo waliokuja jijini kwa sababu walipotoka kila mtu alijua wameingia saa ngapi na wameingia na nani. Kwao kutojulikana ni pumziko, na wana haki nalo. Asiyetaka kuja kikaoni asilazimishwe wala asitozwe faini, na mtu wa ghorofa akigonga akajibiwa "nipo, sijambo," ageuke aende zake. Kujuana kunakotosha kwa jengo ni kidogo sana: jina, sura, na kujua nani wa kupigiwa simu. Hicho kidogo ndicho mlichokosa.

Nije kwako wewe. Unaniuliza kama una kasoro. Mwaka 1903 Mjerumani Georg Simmel aliandika kwamba mtu wa jiji kubwa hujiwekea ukuta wa ndani kwa sababu sura, sauti na mambo yanayompitia kwa siku moja ni mengi kuliko anavyoweza kuyajibu yote kwa moyo. Hiyo ilikuwa kabla ya matangazo ya redio, sembuse simu za mkononi. Kwa hiyo ukimya wako ngazini si ugonjwa, na wala hukuambukizwa na skrini. Na hauko peke yako: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana wamo kwa wingi. Kuhusu kurudi nyumbani, Mama anakukumbuka, na hilo ni haki yake. Lakini ukirudi ukajifungia chumbani na kompyuta ileile kutwa nzima, majirani wa huko nao utawajua kwa vikohozi. Nenda ukamwone mara nyingi zaidi. Usihame kwa sababu hii.

Wale wenzako wa nchi nne usiwaone kama marafiki bandia. Unawajua kwa sababu kila siku kuna kazi inayowakutanisha, na katikati ya kazi hiyo paka hupita mbele ya kamera. Ni jambo lilelile la ngazi na masanduku ya barua. Jirani wa ukutani hujawahi kuwa na kazi naye hata moja, na ndiyo sababu hamjuani.

Utakuwa unaona aibu kugonga. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha utafiti walioufanya kwa abiria wa treni za Chicago: walioombwa kuzungumza na mgeni walifurahia safari kuliko waliokaa kimya, ilhali abiria walipoulizwa kubashiri walidhani ingekuwa kinyume. Tunakosea sana tunapokadiria jinsi watu watakavyotupokea. Kwa jirani anayekohoa usianze na hotuba. Mwambie tu jina lako, kwamba uko mlango wa pili, na kwamba akihitaji kitu agonge. Inatosha kwa siku hiyo.

Kwa Mzee, ndiyo, nenda, na usiende kumpa pole pekee. Nenda na daftari. Umesema alikuwa fundi mitambo na habari za pampu hazimpiti, maana yake kichwani mwake ipo historia yote ya maji ya jengo lenu: imebadilishwa lini, fundi gani aliiharibu, ni valvu ipi haifungi. Sehemu yako ya hitilafu haina maana bila hayo, na hakuna mwingine wa kukupa. Muulize, andika, rudi tena ukiwa umekwama, maana utakwama. Mtu aliyetoka hospitali hupokea wageni wengi wanaomwonea huruma, na ni wachache sana wanaokwenda kwa sababu wanamhitaji. Huenda mazungumzo yakawa marefu, ukaambiwa na habari za mke marehemu na za huyo mwana aliye mbali. Sikiliza na hizo.

Mwenyekiti wenu usiusubiri ukimya wake uishe. Mwendee kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, peke yako, ukamsimulie kuhusu ile alama ya kijani kama ulivyonisimulia mimi. Mwombe nafasi uieleze kikaoni, makamu mwenyekiti akiwepo, na umpe makamu sifa yake mbele ya watu: bila hoja yake usingeshuka ngazi siku ile. Uoneshe kwanza sehemu ya malipo na ya hitilafu ikiwa inafanya kazi, ili wanaoogopa kwamba unachelewesha wanyamaze. Halafu sema wazi kwamba sehemu ya kufuta kikao hutaiandika, na utaje kwa nini. Wakikubali, omba majina saba palepale kabla watu hawajatawanyika. Wakikataa na kutafuta mtu mwingine, wape ulichokwisha kukifanya bila kinyongo, na wewe Jumapili shuka pale kwenye maegesho ukae na watakaokuja.

Mjomba